Jiwe Jekundu la Hatua Arubaini

Siku Mama alipotoka eda, kitu cha mwanzo alichotaka si kutembea wala kwenda soko la Matrah, mjini Muscat, kununua kitambaa cha rangi. Alitaka stoo ya Baba iondolewe vitu. "Miezi minne na siku kumi nnakitazama kile kilango," akanambia kwenye simu, "na kila nikikitazama nnamuona anatoka na mikono yake michafu. Njoo, mwanangu, unitolee." Nikaenda. Stoo yenyewe iko juu ya dari, kachumba ka mabati kanakochemka mchana kutwa, na nilipofungua tu ikanipiga harufu ya nta. Nta ya nyuki, ile Baba aliyokuwa akiipaka kwenye kamba ya uta wake. Wenzangu baba zao wamewaachia harufu ya udi. Mie wangu kaniachia nta. Na nyuma ya harufu ile, chini ya zulia lililokunjwa, nikaliona sanduku refu jeusi la plastiki ambalo kwa miaka mingi nilidhani limeshatupwa.

Sikulifungua. Nilikaa juu yake nikajipepea na mtandio. Mtu mzima mie, nina watoto wa skuli, na kazini kuna watu wananiogopa, lakini sanduku lile nililiogopa vilevile kama nilipokuwa na miaka tisa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na upinde wa magurudumu. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka, wakati ule mtu akirudi Marekani huleta redio kubwa au viatu vinavyowaka taa. Ami yangu, ndugu yake Baba, alikwenda huko kusoma akarudi na upinde. Si upinde wa kwenye vitabu vya hadithi. Huu ulikuwa wa chuma, una gurudumu juu na gurudumu chini, na waya zinapita huku na huku. Ukiuvuta, mwanzo unakupinga kwelikweli, halafu ukifika nyuma uzito unapotea ghafla, na unaweza kukaa umeuvuta muda mrefu bila kuchoka. Mbele yake mlikuwa na vitone vitatu vya rangi vya kulengea: kijani kwa hatua ishirini, manjano kwa thelathini, na nyekundu kwa arubaini. Ukijua mnyama yuko umbali gani, unamwekea kitone chake, unaachia, basi. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani Rusayl, mtu ambaye akisikia injini inakohoa barabarani anasimama kumsaidia mwenye gari asiyemjua. Alimpenda Ami, lakini upinde ule nadhani aliupenda zaidi.

Kuwinda wanyama wa porini kumekatazwa na serikali zamani, na Baba hakuwa mtu wa kuvunja amri. Ila kulikuwa na mbuzi wa Mzee Hilal. Mzee huyu alikuwa mfugaji wa kule milimani nyuma ya Qurayyat, na mbuzi wake kadhaa walikuwa wameasi. Walipanda majabalini wakazaana huko, na wakishuka ni kuja kumla Mzee Hilal miche yake ya mitende, kisha hao, wamekwenda. Na mbuzi wa kufugwa akiasi hata hashikiki, hukumu yake kwetu inakuwa ya mnyama wa mawindo. Unamrushia mshale, unataja Bismillahi, Allahu Akbar pale unapouachia, na nyama yake ni halali. Mzee Hilal akampa Baba ruhusa kwa mikono miwili. "Wapunguze," alisema kwa Kiarabu chake cha mlimani, "kabla hawajanipunguza mie."

Na mimi nilikuwa na kazi. Hilo mlijue, maana ndilo jambo lenyewe. Karibu na kidimbwi wanakoshukia mbuzi kunywa, Baba alijenga kibanda kidogo cha mawe cha kujifichia. Kutoka hapo alihesabu hatua, akaweka jiwe la rangi kwenye kila kipimo, kando ya njia yao. La kijani na la manjano tuliyapaka rangi iliyobaki ya geti letu. Kwa lile jekundu rangi haikupatikana, nikaiba chupa ya rangi ya kucha ya Mama, nikalipaka lote mpaka likang'aa. Baba akishavuta upinde, jicho lake liko kwenye kitundu cha kulengea na haoni kitu chengine. Mimi nimekaa ubavuni kwake nachungulia kwenye upenyo wa mawe. Mbuzi akipita penye jiwe, Baba ananong'ona, "Rangi?" na mimi namtajia. Kaka zangu wawili hawakupewa kazi ile. Walikuwa hawawezi kunyamaza. Nilipewa mimi. Skuli nilikuwa wa mwisho kwenye hesabu na wa kwanza kwenye kutolewa nje, lakini pale kwenye kibanda nilikuwa jicho la baba yangu.

Sasa siku yenyewe. Tulifika mchana, Baba akapanga mawe, kisha akapanda kwa Mzee Hilal kunywa kahawa mpaka jua lipungue. Akaniacha kivulini na chupa ya maji. "Usiende penye maji, wataisikia harufu yako." Penye maji sikwenda. Nilikwenda kwenye jiwe langu jekundu. Nilichoka kukaa peke yangu, na lilikuwa zuri mno, nikalifanya bibi harusi. Nikalivisha leso ya pua, nikaliketisha juu ya mwamba, nikaliimbia, nikalipamba kwa maua ya miba. Niliposikia ndara za Baba zinateremka kwenye kokoto nikalivua nguo mbiombio, nikakimbia kulirudisha mahali pake penye kichaka cha miba.

Vichaka vya miba vilikuwa viwili.

Nilisimama baina ya viwili vile na jiwe mkononi. Hiki au kile? Vilifanana kama pacha. Nikachagua cha mbali, nikaliweka, nikarudi kivulini, nikamtazama Baba usoni kama mtu asiyejua kitu. Ningemwambia angepima tena, shughuli ya dakika mbili. Lakini angejua kwamba nimeacha kazi nikacheza, na nilikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba kazi ile watapewa kaka zangu.

Mbuzi wakateremka jua lilipolala ubavu. Wa mbele alikuwa jike jeusi, pembe moja imepinda mbele kama kidole kinachoita mtu. Alipita kwenye kijani haraka, akapita kwenye manjano amekingwa na wenzake, hakupatikana. Akaenda akasimama penye jiwe jekundu, ubavu wazi, shingo juu. Baba keshavuta zamani. Upinde wa magurudumu unasubiri. Yeye katulia, mie jasho linanitiririka mgongoni.

"Rangi?"

Nilijua. Nakuapieni, nilijua kwamba huenda si kweli. Ulimi wangu ukasema, "Nyekundu."

"Bismillahi, Allahu Akbar." Na upinde ukalia pwap.

Mshale ulikwenda chini. Niliuona unamwingia mbuzi tumboni kwa chini, na sauti aliyotoa sitaieleza hapa, maana mnaosoma nanyi mna watoto. Akaruka, akaanguka, akainuka, akapanda jabali na mshale unaning'inia. Baba akatoka kibandani. Hakukimbia. Alikwenda polepole, hatua zake sawasawa, kuelekea pale mbuzi aliposimama, na midomo yake inacheza bila sauti. Nikajua anavuta tasbihi, maana hivyo ndivyo midomo yake inavyokuwa akishasali. Nikasema moyoni, Baba anamuombea mbuzi. Alipofika akainama muda mrefu, nikadhani anatazama damu.

Tulifuata damu mpaka Magharibi. Damu ikatupeleka kwenye genge, ikaishia kwenye mwamba mtupu. Kesho yake Baba alitoka kazini Rusayl akaendesha moja kwa moja mpaka kule, na kesho kutwa vilevile. Siku ya tatu Mzee Hilal akamwambia asijisumbue, mbwa mwitu wameshapata riziki yao. Hakuna dhambi kwetu kama kumuumiza mnyama kisha ukamwacha: hukumchinja, hukumla, hukumwachia maisha yake. Baba alirudi nyumbani kakunja uso, akakaa mbele ya sahani yake, akala wali mkavu. Na mie nikaacha kula nyama. Mama akasema nina minyoo akaninywesha dawa. Nikainywa bila kulia, nikiona ndiyo adhabu yangu ya mwanzo na kubwa iko njiani.

Haikuja. Badala yake Baba aliufuta upinde wa magurudumu kwa kitambaa, akaulaza ndani ya sanduku lake, akalipandisha juu stoo. Ijumaa iliyofuata akaja Mutua.

Mutua alikuwa Mkamba kutoka Kenya, mwendesha forklifti ya kuinulia mizigo kwenye kiwanda cha Baba, kijana mrefu mwenye meno meupe na mdomo usiopumzika. Huku hata kanisa lao huwa Ijumaa, basi yeye akitoka kanisani na Baba akitoka msikitini wanakutana uani kwetu, juu ya mtaa wa Wadi Kabir, Mama anawaletea pilau. Siku ya mwanzo Baba alimteremshia sanduku amuoneshe. Mutua akalitazama lile dude kwa magurudumu na waya zake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, hii si upinde. Hii ni baiskeli! Ukipata pancha huko mlimani utafanya nini?"

Baba naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akasema, "Nifundishe wa kwenu."

"Na hii je? Kitu ya pesa nyingi hivi, unaiacha?"

"Ina kasoro."

"Kasoro gani? Mimi naona iko sawa kabisa."

"Ina kasoro," Baba akarudia, akalifunga sanduku tak.

Mie nilikuwa mlangoni na sinia la matunda. Baadaye nilipanda stoo kinyemela, nikalifungua sanduku, nikaukagua upinde gurudumu kwa gurudumu, nikitafuta palipovunjika. Haukuwa na hata mkwaruzo. Nikateremka najua kasoro ni nani.

Wakatengeneza uta. Mti ulikuwa mzeituni wa mlimani, Mzee Hilal aliwapa. Kamba ilisokotwa kwa mishipa ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji wa Wadi Kabir, ikapakwa nta ya nyuki. Mishale ikavishwa manyoya ya kunguru, na kunguru Muscat hawana upungufu. Ncha Baba alizichonga mwenyewe. "Kwetu hapa tunapaka sumu," Mutua alisema, akionesha nyuma ya ncha. Baba akatikisa kichwa. "Sumu haitufai sisi. Kinachoua kiwe ncha, na tumuwahi kwa kisu." Mutua akainua mikono. "Basi itabidi umkaribie sana. Karibu mpaka uone kope zake."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Uta haukusubiri. Hauna gurudumu la kukupunguzia uzito. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyokuelemea, na ukiushikilia kwa pumzi tatu mikono inakutetemeka. Hauna kitone wala kitundu. Baba, fundi wa kupima hadi unywele, alirusha mshale wa kwanza ukapita juu ya gunia la matambara tulilolisimamisha uani, ukapita juu ya ukuta, ukaenda kuchoma tangi la maji la jirani. Loh! Mama alitamani ardhi ipasuke. "Usipime, mzee," Mutua akimwambia kila Ijumaa. "Ukipima umekosa. Tazama mahali moja tu, mkono utaenda wenyewe." Vidole vya Baba vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magome. Alirusha kabla ya kazi, alirusha baada ya kazi, bega likavimba, Mama akamkanda kwa mafuta ya karafuu huku akimsema. Mwaka mzima hakumrushia mnyama hata mshale mmoja.

Na mie? Siku moja nilimuuliza, roho iko mkononi, "Baba, nikupangie mawe?"

"Hakuna mawe tena," akasema bila kunitazama.

Basi. Maneno matatu. Kwa akili yangu ya miaka tisa hukumu ilikuwa imetoka: amejua, na adhabu yangu ni kwamba hataniuliza rangi tena maisha. Nikawa mwokota mishale. Nilikimbia nyuma ya gunia, nikaikusanya, nikamrudishia, na kila nilipompa nilitafuta jicho lake. Nilitamani anipige yaishe. Mutua, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akanivuta kando Ijumaa moja. "Wewe msichana, mbona unaangalia babako kama mtu anangojea kuchapwa?" Nikamwambia sina kitu. "Haya," akasema, "lakini ukikaa na mshale umeuvuta hivyo, mkono utachoka, utajiachilia wenyewe, na utaenda mahali hutaki." Nilimchukia kwa siku mbili nzima.

Mwaka ukazunguka, na asubuhi moja Baba akanambia, "Vaa viatu vigumu." Kaka zangu wakaruka, akawaambia wakae. Tukaenda wawili. Njiani alinambia maneno machache: nitembee nyuma yake, nishike upindo wa kanzu yake, niweke mguu pale alipoweka mguu, na likitokea lolote nisitoe sauti. "Nimewakaribia hawa mara kumi na moja peke yangu," alisema, "na mara kumi na moja wamenisikia. Leo upepo mzuri."

Hakukuwa na kibanda wala mawe. Tulipanda genge lilelile lililomeza ile damu mwaka wa nyuma, kwa magoti na viganja, kokoto zinanichoma, jua linapanda. Saa nzima labda tulikwenda masafa ya kutoka hapa nilipokaa mpaka getini. Baba akiinua mkono, ninaganda. Mara moja kijiwe kiliteleza chini ya kiatu changu nikakidaka kwa mkono hewani, na nilikishika mpaka mwisho, nikiogopa hata kukiweka chini. Kisha Baba akasimama nyuma ya mwamba, akachomoa mshale polepole, akausimika kwenye kamba. Nikachungulia chini ya kwapa lake.

Mbuzi alikuwa hatua kumi na tano. Anakula majani ya mkunazi, tunasikia meno yake. Mweusi. Akainua kichwa, na pembe moja ilikuwa imepinda mbele. Alipogeuka, chini ya tumbo lake nikaona kovu refu lisilo na nywele, jeupe, limekakamaa.

Alikuwa hai. Mwaka mzima nilimuona akiliwa na mbwa mwitu kila nilipofumba macho, na kumbe yuko hai, anakula mkunazi.

Baba alivuta. Niliona misuli ya shingo yake inasimama. Mbuzi akaganda, sikio moja mbele. Pumzi moja. Midomo ya Baba ikafunguka kutaja Bismillahi. Pumzi ya pili. Mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka, kidogo tu. Sijui mbona hakuachia; labda naye ameliona kovu. Nami nikaona kwamba sasa hivi mbuzi huyu atakufa, na akifa siri yangu itafungwa naye na sitaweza kuisema tena mpaka nami nife.

"Baba, mie!" Nilipiga ukelele. "Mie nililisogeza jiwe! Siku ile, jiwe, nililisogeza mie!"

Genge zima likalipuka kwato. Kufumba na kufumbua hapana kitu ila vumbi na majani ya mkunazi yanayumba. Mwaka wa malengelenge, mara kumi na moja za kutambaa, na ya kumi na mbili nimeivunja mimi kwa mdomo wangu.

Baba akaurudisha uta polepole, akautoa mshale, akageuka. Nilifunga macho kungojea kofi. Halikuja, nikafungua. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajifuta uso kwa kilemba.

"Jiwe gani?" akauliza.

"Lile jekundu. Nililifanya bibi harusi. Nikalirudisha mahali sipo." Kilio kikanipanda, nikaeleza yote kwa kwikwi, vichaka viwili, rangi ya kucha, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama bondeni.

"Nisikilize," akasema. "Siku ile mie sikukusikiliza wewe. Nilipima kwa jicho langu mwenyewe, na jicho langu likakosa. Jiwe lako hata lingekuwa Matrah, mshale ungepiga palepale. Umefahamu? Si lako lile. Ni langu."

Mngedhani nilimrukia shingoni. Dakika ya kwanza ndiyo, mzigo ulinitoka mabegani nikajiona naweza kuruka. Dakika ya pili nikafikiri. Kumbe hakunisikiliza! Kumbe alikuwa akiniuliza "Rangi?" kunichezesha tu, kama mtu anavyompa mtoto usukani wa gari lililozimwa! Nilikuwa si jicho la mtu yeyote. Nilihisi aibu, na aibu ikageuka hasira, na hatukusemezana mpaka nyumbani. Wiki mbili baadaye alinichukua tena, akampata mbuzi mwengine, dume la kahawia, kwa hatua kumi na mbili na mshale mmoja, akamuwahi kwa kisu na mie nimeshika miguu. Yule mwenye kovu alimkataza hata Mzee Hilal asimguse. "Yule keshakufa mara moja," alisema. "Inamtosha."

Lakini maneno ya gengeni sikuyasahau, na mie nina ulimi. Nilipotaka kwenda kusoma ng'ambo naye hataki, nilimsimamia kati ya ukumbi nikamwambia, "Hujawahi kunisikiliza! Tangu mdogo hujanisikiliza, na mwenyewe ulikiri kwa kinywa chako!" Aliufungua mdomo. Nakumbuka vizuri, aliufungua, akanitazama, akaufunga. Akatoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na ubovu. Mwisho alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, akanibebea mabegi, na lile jambo hatukulitaja tena, wala sikumtaka radhi.

Basi ndilo sanduku nililokuwa nimelikalia juu ya dari. Nikalifungua.

Upinde ulikuwa umelala palepale, waya zimeshika kutu. Penye nafasi ya kuwekea mishale, ambapo siku ile ya kuukagua sikupagusa, palikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kufutia mashine, kimefungwa kwa uzi, mafundo mawili. Nikakata uzi kwa meno. Lilikuwa jiwe. Rangi ya kucha imebanduka nusu, nusu bado inang'aa. Na juu ya kitambaa, kwa kalamu ile nene aliyokuwa akiandikia vipuri kazini, mwandiko wake wa kifundi, tarakimu mbili tu: 51.

Hakuwa anavuta tasbihi siku ile. Alikuwa anahesabu hatua. Kutoka kibandani mpaka mahali mbuzi aliposimama, hatua hamsini na moja, na alipoinama alikuwa analiokota jiwe langu. Alijua kabla damu haijakauka. Baba, mtu ambaye akiuza gari humhesabia mnunuzi maradhi yake yote mpaka mnunuzi anakimbia, alinidanganya gengeni bila kupepesa jicho, kisha akauvumilia uwongo wake hata mie nilipomchapa nao ukumbini.

Nikateremka na jiwe mkononi. Mama alikuwa jikoni anachagua mchele.

"Mama, kwani upinde wa Ami ulikuwa na kasoro gani?"

"Ule wa magurudumu?" Hakuinua kichwa. "Nami nilimuuliza, kitu kizima kile unakitupa. Akanambia, 'Ule, kuua kwake kunataka watu wawili, na mmoja bado mtoto.' Sikumfahamu. Baba yako na mafumbo yake." Ndipo akaliona jiwe, akalichukua, akalikwaruza kwa ukucha. "Ala! Si rangi yangu hii? Kumbe ni wewe uliyenimalizia chupa!"

"Ni mie, Mama," nikasema, nikakaa chini sakafuni miguuni pake. "Nisameheni. Ni mie."